Risasi Ngapi, Mkononi mwa Nani

Sheria kongwe kabisa ninayoijua iliyowakataza watu wa Lamu kumiliki bunduki za magazini haikuandikwa Lamu. Haikuandikwa Unguja wala Mombasa. Iliandikwa Brussels, Ubelgiji, ikatiwa saini tarehe 2 Julai 1890 na mataifa 17. Usultani wa Zanzibar umo kwenye orodha hiyo. Uajemi umo, Dola la Uthmaniya limo. Na Marekani imo, tafadhali likumbuke hilo, tutalirudia.

Mkutano wenyewe uliitishwa kupinga biashara ya utumwa. Lakini ndani ya mkataba kuna vifungu vizima kuhusu silaha. Vinachora ukanda kutoka nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini, kutoka bahari ya Atlantiki mpaka bahari ya Hindi, pamoja na visiwa vyote vilivyo ndani ya maili 100 za baharini kutoka pwani. Lamu iko nyuzi mbili na kitu kusini, na kutoka Mkomani ukiangalia upande wa pili wa mkondo unaiona Manda. Hatukuponea popote.

Ndani ya ukanda huo bunduki ziligawanywa makundi mawili. Gobori la gumegume, lenye mtutu usio na mifereji ndani, unalolishindilia baruti kwa mbele kisha unaomba Mungu liwake, hilo liliweza kuuzwa kwa wenyeji chini ya uangalizi. Bunduki yenye mifereji, bunduki inayopakiwa kwa nyuma, na bunduki ya magazini: hizo zilizuiwa, nzima au vipande vipande, pamoja na risasi zake. Kwa lugha nyepesi, Mwafrika aliruhusiwa risasi moja kwa wakati mmoja. Mkoloni hakuwekewa idadi.

Neno lenyewe, magazini, limesafiri. Mzizi wake ni Kiarabu, *makhazin*, maghala. Wafaransa walilichukua likawa duka, Waingereza wakalifanya ghala la baruti, kisha kijisanduku cha risasi ndani ya bunduki, kisha jarida kama hili unalolisoma, ghala la maandishi. Sisi tuliupokea mzizi uleule kwa mlango mwingine, tukapata hazina na mhazini. Na sehemu kubwa ya msamiati wetu wa vita ilishuka jahazini: bunduki, baruti, risasi, bastola. Mzinga ndio wetu, na hata huo tuliuazima kwa nyuki.

Naandika haya kwa sababu marafiki zangu wa Nairobi na Mombasa wanabishana kuhusu bunduki kwa Kimarekani. Namaanisha hoja, maana lugha ni Sheng na Kiswahili. Mtu katazama video mbili tatu kwenye simu, basi anakuambia raia asiye na bunduki ni mtumwa, au anakuambia magazini za zaidi ya risasi 10 zipigwe marufuku. Hiyo 10 ina historia yake kule. Mwaka 1994 bunge la Marekani lilikataza magazini mpya za zaidi ya risasi 10, sheria ikaisha muda wake 2004, na majimbo kama California yakaendelea na makatazo yao. Kisha Juni 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kuwa sheria ya kudhibiti silaha lazima ilingane na desturi ya kihistoria ya nchi ile. Tangu siku hiyo mawakili wote wamegeuka wanahistoria, wanachimba sheria za karne ya 18 na 19 kutafuta nani alikatazwa nini.

Sawa. Na sisi tuchimbe za kwetu. Tena wao wenyewe walitia saini moja yazo.

*

Kabla ya bunduki, silaha Lamu ilikuwa vazi. Mkomani ndio mtaa wa nyumba za mawe, milango ya nakshi, madaka ya chokaa, mtaa wa waungwana. Langoni uko upande wa kusini, na utani baina ya mitaa hii miwili haujesha hadi leo. Muungwana alitoka na kitara au jambia kama alivyotoka na kilemba. Mtumwa akishika silaha, aliishika kwa amri ya bwana wake. Kwa hiyo ukiniuliza kama wazee wetu walikuwa na haki ya kubeba silaha, jibu ni ndiyo, baadhi yao, na hao baadhi waliivaa ili wale wengine waione. Leo jambia limebaki kwa bwana harusi, siku moja, na picha.

Kuna kisa kila mtoto wa pwani ya kaskazini amekisikia, cha Fumo Liyongo. Nakitaja hapa kwa sababu ya mwisho wake. Liyongo, shujaa ambaye hakuna silaha ya kawaida inayomdhuru, anachomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba. Anainuka na jeraha lake, anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale kwenye uta na kuuvuta. Anafia hapohapo akiwa amelenga. Na mji mzima unashindwa kuteka maji. Siku zinapita, watu wanakaa na kiu, hakuna anayethubutu kusogea, mpaka mamake anakwenda kumbembeleza, na mwishowe maiti inaanguka yenyewe ndipo wanajua alikuwa amekufa zamani.

Watu hulisimulia hilo kama sifa ya Liyongo. Mimi kila nikilisikia nawafikiria wanawake na ndoo zao. Mshale mmoja, haukuachiliwa, na kisima kikafungwa.

*

Mwaka 1812 hivi, Lamu ilivamiwa. Wamazrui wa Mombasa pamoja na jeshi la Pate walishuka Shela, mwendo mfupi tu kusini mwa mji. Lamu haikuwa na sultani. Iliendeshwa na wazee wa yumbe, na nyuma ya yumbe kulikuwa na mafungu mawili yaliyokuwa yakivutana na kupokezana uongozi, Zena na Suudi. Aliyekuwa mbele wakati ule ni Bwana Zahidi Ngumi. Wavamizi walipigwa mpaka wakarudi mbio pwani, na pwani wakakuta maji yamekupwa na vyombo vyao vimekaa juu ya mchanga. Waliouawa hapo walikuwa wengi. Wenyeji wa Shela watakuambia upepo ukichimba yale machungu ya mchanga bado unafukua mifupa.

Sasa hapa ndipo historia yetu inapoachana na ya Marekani, na naomba twende polepole.

Watu wa Lamu walikuwa wameshinda. Kwa silaha zao, kwa miguu yao, kwa kuijua bahari yao. Mmarekani angesema: haya, raia wenye silaha wamelinda uhuru wao, mwisho wa hadithi, wekeni katika katiba. Wazee wa Lamu walifanya kinyume. Walituma ujumbe Maskati kwa Sayyid Said bin Sultan kumwomba alete liwali na askari. Liwali akaja. Ngome iliyoko pale Mkunguni ikakamilika mapema miaka ya 1820 kwa msaada wa Waomani, wakakaa ndani yake Wabulushi, askari wa kukodiwa kutoka ng'ambo ya bahari. Wajukuu wa washindi wa Shela wakawa wanapita chini ya mizinga ya watu wengine wakienda sokoni.

Kwa nini? Jibu la vitabuni ni hofu ya Mombasa kulipiza kisasi, na ni kweli. Lakini mimi naona jambo jingine pia, na hii ni tafsiri yangu. Mji wa mafungu mawili yanayopokezana ukitoka vitani ukiwa na silaha nyingi, una tatizo: zikae kwa nani? Zikikaa Zena, Suudi halali usingizi. Zikikaa Suudi, vilevile. Akija mtu wa tatu asiye wa huku wala kule akazifungia ndani ya kuta nne, kila mmoja analala. Bei yake ni kwamba mtu huyo wa tatu sasa ndiye bwana wenu.

Nilimwambia ami yangu tafsiri hii barazani kwake, mtu ambaye amekaa Mkomani miaka yote ya maisha yake na hana subira na wasomi. Alinisikiliza, akatema tambuu, akasema kwa Kiamu chake: "Mwanangu, bunduki moya ikiya muini, ya pili haikawii kuya." Kisha akaniuliza kama nilijua kuwa ngome ile ilikuwa jela. Nilijua. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa jela ya serikali, ya mkoloni kwanza kisha ya Kenya huru. Leo ni makumbusho.

*

Walioishika bunduki kweli, upande wetu, hawakuwa Mkomani. Walikuwa Witu.

Witu iko bara, ndani ya msitu. Katika miaka ya 1860 Ahmed, wa ukoo wa Nabahani waliotawala Pate, alisukumwa na Wabusaidi mpaka akajenga mji huko, akajulikana kwa jina la Simba. Mji wake ulikuwa na sifa moja iliyowakosesha raha matajiri wa visiwani: mtumwa akitoroka shamba akafika Witu, hakurudishwa. Watoro wakajaa. Wakalima, wakaoa, na wakashika bunduki. Wengine wakarudi usiku kwenye mashamba walikotoka, na sio kusalimia.

Babu zetu wa Mkomani walikuwa na mashamba bara. Tuseme ukweli huo hapa hapa, kwa sababu ukisoma barua za wakoloni kuhusu "majambazi wa Witu" unaweza kudhani hofu ilikuwa ya Waingereza peke yao. Mzee aliyekaa ndani ya nyumba ya mawe akihesabu watumwa wake asubuhi hakutaka kusikia kwamba kuna mji ambako mtumwa ana gobori. Waungwana wa Lamu hawakuhitaji mkataba wa Brussels kuwafundisha kwamba silaha si ya kila mtu.

Na bunduki zilikuwa zimejaa pwani. Ulaya ilikuwa ikibadilisha silaha za majeshi yake kila baada ya miaka michache, na zile za zamani zilihitaji mnunuzi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Alimwandikia waziri wake kwa wasiwasi: zisipozuiwa, itabidi bara hili litulizwe huku watu wake wengi wana bunduki nzuri za kupakiwa kwa nyuma. Soma tena sentensi hiyo ya balozi kwa makini. Hofu yake haikuwa kwamba Waafrika watauana. Hofu ilikuwa kwamba watajibu.

Mwisho wa mwaka huohuo wa 1888 Wajerumani na Waingereza wakaizunguka pwani kwa manowari, watumwa wasitoke na silaha zisiingie, wakati Abushiri akipigana na Wajerumani upande wa Pangani. Kisha yakaja yale mawili ya Julai 1890, siku mbili zinazofuatana. Tarehe 1, Ujerumani na Uingereza zikabadilishana: Witu, iliyokuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani tangu 1885, ikapewa Waingereza, na Wajerumani wakachukua kisiwa cha Heligoland huko kwao. Tarehe 2, mkataba wa Brussels. Hakuna mtu wa Witu aliyeulizwa kuhusu la kwanza wala la pili.

Miezi miwili na nusu baadaye, Mjerumani Andreas Küntzel alifika Witu na wenzake. Alitaka kuweka kiwanda cha kupasua mbao msituni. Sultani wakati huo alikuwa Fumo Bakari, mtu aliyekuwa amegundua tu kwamba rafiki zake wa Berlin wamemgawa kama shamba la urithi. Inasimuliwa kwamba wageni walinyang'anywa bunduki zao walipoingia. Küntzel akatukana, asubuhi ya pili akataka kutoka, langoni akazuiwa, akampiga risasi mlinzi. Wakauawa yeye na wenzake kadhaa hapohapo na mashambani.

Hebu litazame lango lile kwa dakika moja. Mji una sheria: mgeni haingii na silaha. Mgeni anaona sheria hiyo haimhusu, kwa kuwa yeye ni yeye. Ana bastola, anaitumia. Mwenye mji anaitumia ya kwake. Miaka zaidi ya 130 imepita na bado sijaona mjadala wa silaha ambao haumo ndani ya lango hilo.

Mwisho wa Oktoba 1890 Admirali Fremantle akashusha askari wake, wakapanda mpaka Witu na bunduki za kisasa, zile ambazo mkataba ulikuwa umezikataza kwa wenye nchi. Mji ukachomwa moto. Misafara mingine ikafuata miaka ya 1893 na 1894 dhidi ya Fumo Omari na watoro waliokimbilia ngome za msituni. Utumwa wenyewe, ule ambao mkutano wa Brussels uliitishwa kuupinga, uliendelea kuwa halali pwani ya Kenya hadi 1907. Yaani bunduki ya mtoro ilikatazwa miaka 17 kabla ya utumwa aliokuwa anaukimbia.

*

Mkataba wa Brussels ulikuwa na mlango wa pembeni. Mtu binafsi aliweza kupata bunduki ya kisasa iwapo angetoa hakikisho la kutosha kwamba hatampa wala kumuuzia mtu mwingine. Bunduki ingepigwa muhuri, iandikishwe daftarini, apewe kibali chenye jina lake, cha miaka mitano, kinachoweza kufutwa akifanya ubaya. Wasafiri nao wangeweza kubeba za kujilinda kwa barua ya serikali yao.

Ukiisoma leo Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, utasikia mwangwi. Cheti chenye jina. Sababu ya kumridhisha anayekitoa. Cheti kinaeleza bunduki ni ipi na, hapa ndipo penye magazini yetu, kinaeleza ni risasi ngapi unaruhusiwa kununua na ngapi unaruhusiwa kuwa nazo kwa wakati mmoja. Mjadala wa Marekani wa 10 au 15 au 30 sisi tumeumaliza kwa karani na kalamu. Katiba ya 2010 haina haki ya kubeba silaha. Ina haki ya kuishi, na inakataza mtu yeyote kuunda kikosi chake cha kijeshi nje ya sheria.

Sheria hii ilitungwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, na wakati huo risasi zilihesabiwa kwa shingo. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Shtaka halikuwa mauaji. Lilikuwa kupatikana na bastola na risasi sita. Katika miaka hiyohiyo walowezi wa Kizungu waliketi mezani na bastola kando ya sahani, na hilo halikuwa kosa, lilikuwa tahadhari. Mabadiliko kutoka gobori na magazini hadi bastola ya Kimathi ni madogo sana.

Kwetu kaskazini uhuru ulikuja na vita vya shifta, 1963 hadi 1967. Wabajuni walikuwa na vijiji bara, ukanda wote kuelekea mpaka wa Somalia, mashamba ya pamba, ufuta, miembe. Mshambuliaji alikuja na bunduki, mwanakijiji alikuwa na panga la kufyekea. Serikali nayo ilikuja na kanuni za hali ya hatari, ambazo kufikia 1966 ziliibana Lamu pamoja na Tana River, Isiolo na Marsabit. Mtu wa kijijini akawa kati ya bunduki mbili. Wakakimbilia visiwani, Malindi, Mombasa. Nimekua na watu ambao wakisema "kwetu" wanaonyesha kidole upande wa bara, mahali ambapo hawajalala tangu utotoni. Walipotaka kurudi hawakuwa na hati, na nchi haikuwa na kumbukumbu kwamba waliwahi kuwa na shamba.

Kwa hiyo usinione nikikuambia sitaki bunduki Mkomani ukadhani sijui gharama yake. Naijua. Kutokuwa na silaha kulitupokonya ukanda mzima wa pwani bila mtu kusaini karatasi.

*

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 watu walikuwa wakitazama Kombe la Dunia pale Mpeketoni. Washambuliaji waliua watu usiku huo na usiku uliofuata wakarudi vijiji vya jirani. Waliokufa kwa jumla walizidi 60. IPOA, mamlaka inayowasimamia polisi, iliandika baadaye kuhusu kuchelewa kwa polisi na kukosa kupangana. Mwezi uliofuata kafyu ikaja, na wavuvi wakakatazwa bahari ya usiku. Sasa elewa, kuna samaki ambao huwapati mchana. Mvuvi wa Lamu ambaye hajawahi kushika bunduki maishani alilipa deni la bunduki za watu wengine kwa miaka, sahani kwa sahani.

Mashambulizi hayakuisha. Widho, Januari 2022. Juhudi na Salama, Juni 2023. Na kila baada ya mazishi linarudi ombi lilelile kutoka bara: tupeni polisi wa akiba, tupeni bunduki wenyewe, tujilinde. Sheria inaruhusu; Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inawatambua polisi wa akiba, raia wa kujitolea wanaokabidhiwa silaha ya serikali. Kwa miaka mingi Kenya iliwapa bunduki ya Kiingereza, Lee-Enfield, ile wanayoiita Mark 4. Magazini yake inachukua risasi 10. G3 ya polisi inachukua 20. AK ya anayekuja usiku inachukua 30.

Angalia hesabu hiyo. Risasi 10, kile kipimo kinachogombaniwa California mahakamani, ndicho kipimo cha mzee wa kijiji cha Lamu Magharibi anayeambiwa akutane na 30 gizani. Mtu wa California anaiona 10 kama kizuizi cha haki yake. Mtu wa Juhudi anaiona kama dalili kuwa serikali imejua jina la kijiji chake.

Na Wamarekani, kama ulidhani wako mbali, wako hapa ng'ambo. Kambi yao ya Manda Bay inaitwa Camp Simba, na sijui kama aliyeipa jina alikuwa na habari za Simba wa Witu. Tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab waliishambulia, wakawaua Wamarekani watatu, wakaharibu ndege. Pale hapakuwa na upungufu wa magazini.

Basi nasimama wapi? Naunga mkono polisi wa akiba bara, vijiji vilivyo pweke, kwa masharti magumu. Kijiji ambacho gari la polisi linakifikia kesho yake hakiwezi kuambiwa kisubiri. Lakini sharti la kwanza ni lile swali la Zena na Suudi: atapewa nani? Bara ya Lamu leo ina Wabajuni, Waswahili, Wakikuyu waliokuja na mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta miaka ya 1970, Waaweer ambao hata upinde wao wa kuwindia ulifanywa kosa uwindaji ulipopigwa marufuku 1977, Waorma na ng'ombe wao. Ukizigawa bunduki kwa kijiji kimoja ukaruka cha jirani, umejenga ngome nyingine pale Mkunguni, na safari hii Wabulushi watakuwa majirani zako. Orodha ya wanaopewa isomwe hadharani, na jina la kila jamii liwemo au sababu ya kutokuwemo itajwe.

Mkomani yenyewe, hapana. Vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi cha punda wawili kupishana kwa adabu. Bunduki ndani ya mtaa huo haina pa kulenga isipokuwa mlango wa jirani. Najua kuna anayenambia hii ni ile hofu ya zamani ya muungwana anayeogopa nani atashika silaha. Huenda damu inakumbuka. Tofauti ni kwamba muungwana aliwakataza wengine akabaki na jambia kiunoni, na mimi sitaki jambia.

Ninachotaka ni hesabu iende pande zote mbili. Mkataba wa Brussels ulimhesabia risasi mwenyeji, haukumhesabia Fremantle. Sura ya 114 inamhesabia mwenye cheti. Nilimwambia ami hivyo, kwamba na serikali nayo ihesabiwe, risasi kwa risasi, kila inayotoka kituoni Lamu na kila inayorudi.

Akacheka. "Wewe utawahisabia kwa chuo gani?"

Nikamwambia chuo kipo. Kila kituo kina daftari la silaha, afisa anasaini bunduki na idadi ya risasi akichukua, anasaini akirudisha. Na Jedwali la Sita la sheria ile ya 2011 linasema afisa akitumia silaha ikaleta kifo au jeraha kubwa, lazima IPOA ijulishwe.

"Umewahi kukiona?" akaniuliza. "Chuo hicho. Umewahi kukifunua?"

Nikasema hapana, mtu hakaribishwi tu kwenye meza ya kituo akafunua daftari la silaha.

Adhana ya alasiri ikawa imeanza. Akaokota bakora yake, akasema niandike barua ya kukiomba, Ibara ya 35 ya katiba si inasema raia apewe habari zilizoko serikalini? Hilo nilikuwa sikumtegemea alijue. Barua imeshapelekwa.